UZI: «Time» moja, maneno saba ya Kiswahili, na mteja aliyegoma kulipa

Mtafsiri wa Kuze (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye kahawa yake aiweke karibu.

Mimi hufanya tafsiri ndogondogo: vyeti, barua, matangazo ya kubandika ukutani. Wiki iliyopita mteja mmoja, jina silitaji, alinipa kanuni za wafanyakazi wake, kurasa mbili za Kiingereza, nizitie kwa Kiswahili. Nikamaliza siku mbili kabla ya siku tuliyoagana. Jana akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyepunjwa. "Dada, hili neno «time» nimelihesabu, limekuja mara kumi na moja. Neno ni moja! Mbona wewe umeweka maneno saba? Huku wakati, kule muda, huku saa, kule nafasi. Watu wangu watachanganyikiwa. Chagua moja ulitie kote, halafu tutazungumza malipo."

Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo. Sikilizeni alivyosema: limekuja *mara* kumi na moja. Hakusema limekuja wakati kumi na moja. Ulimi wake wajua, ni mkono tu ulio mbali na mfuko.

Basi mnipimie kazi yangu. Kanuni ya kwanza inataka watu wafike kazini kwa wakati, hapo hatukugombana. Ya pili inasema atakayechelewa mara tatu kwa mwezi ataandikiwa barua. Ya tatu ni chakula cha mchana, saa saba hadi saa nane. Ya nne: mwenye malalamiko ayalete katika muda wa siku 7. Ya tano: asiye na nafasi ya kuhudhuria mkutano aseme mapema. Mgeni kazini ana kipindi cha majaribio. Na mwenyewe ameandika utangulizi kuhusu ugumu wa zama hizi. Ndiyo hayo maneno saba. Pia kuna kazi ya baada ya saa za kazi, hiyo nimeiandika «saa za ziada» kisha nikaongeza «yaani ovataimu», kwa sababu mfanyakazi anayedai pesa yake ataitafuta kwa jina analolijua.

Mwaka 2006 wachapishaji wa kamusi za Oxford walipitia lundo la maandishi ya Kiingereza kwa kompyuta, wakakuta nomino inayotumika kuliko zote ni hiyo hiyo «time». Ya pili ilikuwa ya mtu, ya tatu ya mwaka. Si ajabu basi neno limebebeshwa kila mzigo. Mwingereza akikosa nafasi ni «time», akifungwa jela anatumikia «time», akizidisha mbili kwa tatu ni «times», akistarehe ufuoni amepata «time» nzuri. Sisi hapo mwisho tungesema ameona raha, basi, wala wakati hautajwi.

Lakini nikiri kwamba ugomvi wangu mkubwa hauko na mteja, uko na muda. Siku hizi kila kitu ni muda. Muda wa kula umefika. Sina muda. Muda huu tuko Mwembe Tayari. Kwangu mimi muda ni kamba: ina ncha hii na ncha ile, unaipima kwa siku au kwa dakika. Wakati ni mpana zaidi, waweza kurefuka na waweza kuwa nukta moja, ila kazi yake kubwa ni kutuambia ni lini. Chukua methali: wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia. Tia muda hapo uone ukuta unavyogeuka pazia.

Na hiyo «sina muda» inaniuma zaidi. Bibi yangu alikuwa akisema sina nafasi, au sina wasaa. Nafasi ndiyo ile ile tunayoombana kwenye matatu: sogea kidogo nipate nafasi. Yaani siku yake imejaa watu, huna pa kukaa. Hili tukilitupa tutapata wapi jingine?

Swali langu: nitamwelezaje mtu huyu bila kumvunjia heshima? Ni mtu mzima kwangu, na pesa bado ziko kwake.

Chenga wa Tudor

Dada nakuheshimu, lakini unajitesa. Lugha hukua. Tanzania nzima wanasema muda huu, muda wa kula, na hakuna aliyekosa chakula kwa sababu hiyo. Mteja anataka muda, mpe muda, chukua chako nenda nyumbani.

Mtafsiri wa Kuze

Niandike «atakayechelewa muda tatu»?

Chenga wa Tudor

Hapo umenikamata. Mara ibaki. Lakini saba ni mengi bado.

Msee wa Bara

Mimi nilikuja hapa kikazi, nitawaambia neno saa lilivyonifanya. Mwenzangu wa kazini alinitumia ujumbe: «tukutane stesheni Miritini saa 2, treni haingoji mtu». Ameandika 2, nambari. Simu yangu ina 2 yake, nikaona ni mchana. Nikaamka zangu pole pole, nikafua. Saa mbili na robo ananipigia akiwa ndani ya treni, na mimi bado sijavaa viatu.

Nyumbani tunajua saa mbili ni asubuhi ukisema kwa mdomo. Ni ile nambari iliyonipoteza, kwa sababu jicho langu lilisoma Kizungu na kichwa kikafuata.

Mtafsiri wa Kuze

Pole kaka. Ndiyo sababu kwenye kanuni niliandika kwa herufi, «saa saba», tena nikaongeza «mchana». Saa yetu huanza kuhesabu jua likichomoza, na hapa Mombasa jua halina matata, mwaka mzima hutoka karibu na saa kumi na mbili na robo, kupungua kidogo au kuzidi kidogo. Kwa hivyo saa moja ni saa moja ya mchana mpya. Mzungu anahesabu kutoka katikati ya usiku, watu wamelala. Sijui nani alikuwa macho kuanza hesabu.

Mama Harusi

Nyinyi mwasema saa, mimi nitawaambia siku. Mdogo wangu alipoolewa, mamangu alialika watu kwa mdomo: kuna kupamba usiku wa Ijumaa. Kwa wazee wetu siku mpya huingia magharibi, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, Alhamisi jioni kwa kalenda ya ukutani. Ndiyo maana tarawehe husaliwa kabla ya siku ya kwanza ya kufunga. Watu wa rika la mama wote walifika. Wenzangu wa kazini walikuja Ijumaa yenyewe baada ya isha, wamevaa wamependeza, wakanikuta naosha sufuria.

Walikula viporo vya biriani, na walicheka kuliko wale wa jana yake. Lakini toka siku hiyo mwaliko nauandika: Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa. Maneno mawili zaidi, aibu moja pungufu.

Maalim wa Chuoni

Wa aleikum salaam. Dada yuko sahihi kuhusu muda, na ushahidi kila mtoto wa chuo cha Kurani ameupitia. Tukifundisha tajwidi tunawaambia watoto kuna madda, pale sauti inapovutwa, harakati mbili, nne au sita. Muda latoka mzizi huo huo wa Kiarabu, kuvuta, kunyoosha. Basi muda ni kitu kilichovutwa. Huwezi kufika muda, kama usivyoweza kufika urefu. Waweza kumaliza muda.

Wakati nalo ni Kiarabu, na wazee wa Kimvita walitamka wakti, bila kuiweka ile a katikati. Sala ina wakati, yaani inaingia na inatoka. Tunasema adhuhuri imeingia, kama mgeni.

Mtazame na dakika. Asili yake ni kitu chembamba, laini. Waingereza neno lao la dakika wamelitoa Kilatini, nalo maana yake ni sehemu ndogo. Watu mbalimbali, jicho moja. Sisi sekunde tuliwahi kuiita nukta, na mimi bado naiita hivyo. Watoto wananicheka.

Mpwa wa Nahodha

Maalim umenigusa pale penyewe. Hiyo kuvuta, madd, ndilo neno la Waarabu la maji kujaa. Kwa hivyo muda na maji kujaa ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa mgeukieni Mwingereza. Maji kujaa na kupwa yeye anaita «tide». Na «tide» zamani haikuwa bahari hata kidogo, ilikuwa na maana ya wakati, ni ndugu wa hiyo hiyo «time». Mpaka leo majira ya Krismasi wanayaita «Yuletide», na hapo hakuna maji yoyote. Baadaye neno likateremka pwani likabaki huko.

Mjomba wangu aliyenilea alikuwa nahodha wa jahazi, na hakuwahi kuvaa saa. Ukimuuliza tutoke wakati gani, anajibu: maji yakianza kutoka. Kesho yake jibu ni hilo hilo, lakini kwa saa yako ya mkononi umeshachelewa, kwa sababu maji husogea dakika kama 50 kila siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kwa nguvu, hapa kwetu hata zaidi ya mita 3 kati ya juu na chini. Katikati yake ni maji mafu, hayaendi mbali. Kwa hiyo alikuwa na saa moja ya siku na nyingine ya mwezi, zote hazitiwi betri.

Na ya mwaka alikuwa nayo. Kaskazi ikivuma, kutoka mwezi wa 12 hivi hadi wa 3, vyombo vilikuja kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, vinarudi. Huo ndio msimu. Neno ni la Kiarabu, mausimu. Wareno wakalichukua wakalipinda kwa ulimi wao, Mwingereza akalipokea kwa Mreno, likawa «monsoon». Kwa hiyo mtoto akija na kitabu cha jiografia akakuuliza tafsiri ya «monsoon», usimpe maelezo marefu, mwambie ni msimu, uliokwenda safari ukarudi na suruali.

Nawaachia jingine. Mnasema muongo kwa miaka kumi. Wazee wa bahari mwongo wao ulikuwa siku kumi. Walihesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, siku yao ya mwaka mpya, miongo 36 na siku 5 juu yake, wakajua mwongo gani wa kutweka tanga na mwongo gani wa kupanda. Neno halikufa, limekula tu likanenepa.

Chenga wa Tudor

Hiyo ya suruali naiiba.

Mwalimu wa Kipindi cha Tatu

Mimi ni mwalimu wa sekondari, natetea kipindi. Shuleni kipindi ni dakika 40, redioni ni matangazo ya saa nzima, mpirani ni dakika 45, na kwa daktari ni hali inayokuja na kwenda. Kinachounganisha ni kwamba kimekatwa kutoka kitu kikubwa zaidi. Kwa hiyo kipindi cha majaribio ni sawa kabisa, kinakatwa kutoka kwenye ajira.

Muhula nao msiusahau. Sisi twasema muhula wa kwanza, wa pili. Lakini asili yake ni kupewa nafasi, kuongezewa siku na anayekudai. Nikiwatazama wanafunzi wangu wiki ya mtihani, naona maana ya zamani imerudi.

Na kwa mteja, mwambie asikilize mpira redioni. Mtangazaji hawezi kupita bila dakika za majeruhi, na kabla yake dakika za lala salama. Nani alitafsiri hiyo kutoka Kiingereza? Hakuna. Mtu alitazama timu inayoongoza bao moja ikirudisha mpira nyuma, akaona watu wanaotafuta pa kulala.

Msee wa Bara

Swali la haraka: ni saa au masaa? Nimekosolewa mara mbili hapa Mombasa.

Mtafsiri wa Kuze

Kwa maandishi andika saa: saa tatu za kazi. Kwa mdomo hata wanaokukosoa wanasema masaa wakikasirika: «nimekungoja masaa!» Nadhani hasira inataka wingi wake.

Kijana wa Kisauni

Na kitambo? Mimi nikisema kitambo nina maana zamani sana. Nyanya akaniambia nasema kinyume, kitambo kwake ni muda mfupi, «ngoja kitambo kidogo».

Mama Harusi

Nyanya yako ana kamusi upande wake, wewe una Kenya nzima upande wako. Mkigombana mpishie chai.

Kijana wa Kisauni

Haya. Lakini hakuna aliyegusa ugonjwa wenyewe, «sasa hivi». Mombasa mtu akikwambia nakuja sasa hivi, bado hajaoga. Akisema nishafika, ndiyo anatoka. Akisema mara moja, hiyo ni baada ya alasiri. Na mamangu ana mtondo na mtondogoo. Leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Nilimwomba pesa ya simu akanipa mtondogoo. Nikadhani ni chakula.

Maalim wa Chuoni

Mtondo hadi leo nausikia kwa wazee wachache. Kiingereza, chenye «time» kumi na moja katika kurasa mbili, siku ya nne kutoka leo hakina neno lake la kila siku. Mwambie mteja hilo.

Mpwa wa Nahodha

Dada, mimi nisingemwambia lolote. Ningemfanyia alivyotaka. Mtilie «wakati» kote, mpelekee, umwombe asome kwa sauti.

Mtafsiri wa Kuze

Hmm.

Mtafsiri wa Kuze (siku mbili baadaye)

Nimerudi. Nilifanya alivyosema Mpwa wa Nahodha. Nilichapa nakala mbili, ile yangu ya kwanza na moja ambayo «wakati» umejazwa kila mahali, nikaenda mwenyewe. Nikamkuta na msimamizi wake wa zamu, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikasema, baba, nimekuja na ile uliyoitaka, naomba tuisome pamoja tuhakikishe.

Akaanza vizuri. Fika kwa wakati, sawa. Akafika «atakayechelewa wakati tatu» akasita, akasoma tena, akaendelea kwa ujeuri. «Chakula cha mchana ni wakati saba hadi wakati nane.» Yule msimamizi akavua miwani. «Malipo ya wakati za ziada.» Msimamizi akasema, bosi, hii nikiibandika watu watadhani tumeleta mganga.

Akacheka, alhamdulillahi. Mtu akicheka kazi imeisha nusu. Nikampa ile nakala ya kwanza, akaisoma yote kimya, kidole kikifuata mistari. Akaikubali, isipokuwa sehemu moja: «asiye na nafasi» akataka iwe «asiye na muda», kwa sababu, anasema, kwake kila mtu ana nafasi, amewapa viti. Nilitaka kubishana. Nikamtazama, nikatazama karatasi, nikaandika «asiye na wasaa». Akauliza ni nini. Msimamizi ndiye aliyemjibu, mimi nilinyamaza. Ikapita.

Kuhusu malipo, amesema atayatuma sasa hivi.

Kijana wa Kisauni

Alisema sasa hivi saa ngapi?

Mtafsiri wa Kuze

Saa nne asubuhi. Jana.